Stima Inayoliwa Bila Kuonekana
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kisumu na ufuo wa ziwa

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala kuku. Tutazungumza juu ya stima.

Malalamiko ni yale yale kila mahali, Manyatta, Nyalenda, Dunga, mpaka Mbita na Usenge. Watu wanasema, "Tokeni zinaisha mbio. Zamani nikinunua zinakaa wiki mbili, siku hizi wiki moja tu, na sijaongeza kitu chochote nyumbani." Na Wakenya wengi wamewahi kulalamika hivyo. Januari 2018 jambo la bili za stima lilifika hata Mahakama Kuu, wakili Apollo Mboya alipoenda kupinga bili za nyuma.

Lakini sisi tunaotembea na vikundi tunaona hasara nyingine kuliko ya pesa. Uniti zikipotea, watu huanza kutafuta mwizi. Mama anamshuku kijana wake. Mpangaji anamshuku jirani. Katika kikundi, wanachama wanamshuku mweka hazina, kwamba pesa za tokeni zinaingia mfukoni. Kikundi kilichojengwa kwa miaka kinavunjika kwa sababu ya mita. Kwa hivyo tunawaomba jambo moja: kabla ya kumlaumu mtu, pima.

KWANZA: NI BEI AU NI MATUMIZI?

Haya ni mambo mawili, na wengi wetu tunayachanganya. Mtu akisema "stima imepanda", tumuulize: ni shilingi zimeongezeka, au ni uniti?

Angalia ule ujumbe unaoingia kwenye simu ukinunua tokeni. Una nambari 20 za tokeni, halafu unaonyesha uniti ulizopata, pesa za tokeni yenyewe, na makato mengine. Hayo makato ni gharama ya mafuta ya kuzalisha stima, mabadiliko ya pesa za kigeni, kodi ya VAT asilimia 16, asilimia 5 ya kupeleka stima vijijini, na ada ndogo za mamlaka ya kawi na ya maji. Gharama ya mafuta na ya pesa za kigeni hubadilika mwezi kwa mwezi. Ndiyo maana shilingi 500 za mwezi huu hazileti uniti sawa na shilingi 500 za mwezi uliopita.

Kuna pia madeni. Mradi wa Last Mile ulipoanza mwaka 2015, nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma ziliunganishwa kwa shilingi 15,000 badala ya 35,000. Watu wengi wa vijijini walikubali kulipa polepole. Kama deni hilo bado liko, sehemu ya pesa zako inaweza kukatwa kila unaponunua tokeni. Hapo hakuna stima iliyopotea. Ni deni linalipwa.

Kwa hivyo usihesabu shilingi. Hesabu uniti. Kama mwezi uliopita mlitumia uniti 40 na mwezi huu ni 40, nyumba yenu iko sawa, ni bei imebadilika. Lakini kama uniti zimetoka 40 zikafika 80, basi kuna kitu kinakula, na tukitafute.

MBONA NI LAZIMA TUKITAFUTE?

Kwa sababu kinakuuma mara mbili. Kwa mpangilio ulioanza Aprili 2023 wa EPRA, ile mamlaka ya kusimamia kawi, nyumba ziko katika madaraja matatu. La chini ni uniti 0 mpaka 30 kwa mwezi, na bei yake ndiyo nafuu. La pili linapita 30 mpaka 100. La tatu ni kupita 100. Kabla ya hapo, tangu Novemba 2018, mpaka wa daraja la chini ulikuwa uniti 100, na ndiyo sababu wengi walishtuka mwaka 2023. Daraja lako linaangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu.

Sasa sikilizeni vizuri. Ukivuka mpaka, si zile uniti za juu tu zinazopanda bei. Uniti zako zote zinauzwa kwa bei ya daraja jipya. Nyumba ya mama mzee inayotumia uniti 25 ikipata kitu kinachokula uniti 10 kwa siri, italipia hizo 10, halafu italipa bei ya juu kwa zile 25 pia. Kikulacho ki nguoni mwako.

UNITI NI NINI?

Kila chombo cha stima kina kibandiko, mara nyingi nyuma au chini, chenye herufi W. Hizo ni wati. Kitu cha wati 1,000 kikifanya kazi saa moja, kimekula uniti moja. Ndiyo hesabu yote.

Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima: uniti 1.
Bulbu ya zamani ya wati 100 ikiwaka saa 10: uniti 1.
Bulbu ya LED ya wati 10: inahitaji saa 100 kumaliza uniti 1.
Birika ya stima ya wati 2,000 inayochemsha kwa dakika 5: ukichemsha mara sita, uniti 1.
Shawa ya stima ya wati 5,000: dakika 12 tu, uniti 1.

Tuchukue hiyo shawa. Nyumba ina watu watano, kila mmoja anaoga dakika sita. Hiyo ni nusu saa, uniti 2 na nusu kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 75. Shawa peke yake imeitoa nyumba hiyo katika daraja la chini. Na hapa kwetu Kisumu, kwa joto hili, maji yaliyokaa juani kwenye jerikeni nyeusi yanatosha kuoga jioni.

Kumbukeni pia kwamba kitu kidogo kisicholala kinaweza kushinda kikubwa cha muda mfupi. Dikoda na televisheni zikiachwa kwenye kale kataa kekundu na zikila wati 15 usiku na mchana, ni karibu uniti 11 kwa mwezi. Kwa nyumba inayotaka kubaki chini ya 30, hiyo ni zaidi ya theluthi moja. Chomoa kwenye soketi. Haba na haba hujaza kibaba.

DAFTARI LA SIKU SABA

Sasa tuingie kazini. Nunua daftari ndogo na uitundike karibu na kile kidude chenye vibonyezo tunachoingizia tokeni. Kila asubuhi saa kumi na mbili na kila jioni saa mbili, andika uniti zilizobaki. Ukiongeza tokeni, andika pia. Fanya hivyo siku saba bila kuruka.

Kutoa tu ndiko kunakobaki. Uniti za jioni toa za asubuhi, unapata zile zilizoliwa usiku. Watu wamelala, pasi imelala, jiko limelala. Je, ni nini kilikuwa kinakula? Usiku ndio shahidi wetu mzuri.

MFANO WA FRIZA YA UFUONI

Tuseme kuna kikundi cha akina mama wachuuzi wa samaki wenye chumba ufuoni. Ndani wana friza moja ya wati 150 ya kuweka mbuta na ngege. Nje kuna bulbu ya wati 40 ya kulinda mlango usiku. Tena vijana wanaovua omena wanaleta taa zao kuchajiwa mchana, wanalipa kidogo. Zamani kikundi kilitumia uniti 75 kwa mwezi. Sasa ni karibu 130. Wanachama wamekasirika. Wengine wanasema ni zile taa za vijana, wafukuzwe. Wengine wanamtazama mweka hazina kwa jicho baya.

Daftari linasemaje? Usiku, saa kumi za kufungwa mlango, zinaliwa uniti 1.9. Bulbu ya wati 40 kwa saa kumi ni uniti 0.4. Zinabaki 1.5, na kitu kilichobaki ni friza. Friza ya wati 150 kwa saa kumi bila kupumzika ni uniti 1.5 kamili. Basi tumemkamata. Friza nzima ya afya haifanyi kazi bila kukoma. Inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Ikifanya kazi nusu ya muda, kwa siku inakula uniti 1.8. Hii haipumziki hata kidogo, inakula 3.6. Kwa mwezi, 54 zimekuwa 108, na hakuna mtu aliyeongeza kifaa chochote.

Zile taa za vijana? Kuzichaji mchana kunakula uniti 0.3 kwa siku, yaani 9 kwa mwezi. Vijana wangefukuzwa bure, kikundi kingepoteza mapato yao, na friza ingeendelea kula. Na mweka hazina angevuliwa kazi kwa kosa la raba ya mlango.

Ndiyo, raba. Friza kama hiyo huangaliwa hivi. Weka noti au karatasi kwenye mlango, ufunge, halafu uvute. Ikitoka bila kushikwa, raba imechoka na baridi inatoka. Angalia barafu ndani. Ikizidi unene wa kidole, izime, iyeyuke, usafishe. Usiikwaruze kwa kisu, utatoboa. Angalia imesimama wapi. Kama imebanwa ukutani chini ya mabati yenye joto la saa nane mchana, haiwezi kupumua, isogeze iwe na nafasi ya kiganja kila upande. Samaki wa moto kutoka juani waoshwe kwa maji baridi na wapoe kivulini kwanza. Na mlango usifunguliwe kwa kila mteja anayeuliza bei tu.

Raba ikibadilishwa na friza ikarudi kupumzika nusu ya muda, na ile bulbu ikawa LED ya wati 5, kikundi hicho kitatumia karibu uniti 65 kwa mwezi, chini ya hata zile 75 za zamani. Tena kitarudi chini ya mpaka wa 100.

KAMA HUJUI KINACHOKULA

Wakati mwingine daftari linaonyesha uniti zinapotea usiku lakini hamna friza wala friji. Basi fanyeni jaribio hili mchana, watu wawili, mmoja kwenye mita na mwingine ndani.

Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa. Inapepesa kadiri stima inavyopita. Karibu nayo pameandikwa nambari, kwa mfano 1000 imp/kWh, maana yake ikipepesa mara 1,000 imehesabu uniti moja. Kwa mita ya 1000, hesabu mapepeso kwa dakika sita, halafu ongeza sifuri. Umepata wati zinazotumika wakati huo. Ikipepesa mara 12 kwa dakika sita, ni wati 120. Kama imeandikwa 1600, zidisha mapepeso kwa 6 na robo.

Hatua ya kwanza: zima swichi kuu. Kile kidude cha vibonyezo kinaweza kuzimika, usiogope, angalia mita yenyewe. Taa ikinyamaza, hata kama imebaki inawaka bila kupepesa, ni sawa. Ikiendelea kupepesa na swichi kuu imezimwa, shida iko kabla ya swichi yako. Huenda kuna waya uliounganishwa na mtu, au waya umeharibika, au mita ni mbovu. Hapo usiguse kitu. Ni kazi ya kampuni ya stima.

Hatua ya pili: washa swichi kuu, lakini kila taa imezimwa na kila kitu kimechomolewa. Kuchomolewa, si kuzimwa tu. Mita ikipepesa, ama kuna kitu mmesahau, kama taa ya choo cha nje au pampu ya kisima, au waya za nyumba zinavuja. Kwenye sanduku la swichi zima njia moja moja. Ile ikizimwa na mita ikanyamaza, shida iko kwenye njia hiyo.

Hatua ya tatu: kama mita imenyamaza, rudisha vitu kimoja kimoja na uhesabu kila mara. Kitu kinachokula kuliko kibandiko chake kinavyosema, weka kando.

Stima inavujaje? Waya uliotafunwa na panya, ukuta wa udongo ulionyonya maji ya masika, waya uliozikwa bila bomba kwenda jikoni. Stima inaingia ardhini pole pole na mita inaihesabu kama imetumika. Ikivuja wati 120, ni kama bulbu kubwa inayowaka usiku na mchana: uniti 86 kwa mwezi. Na pesa ndiyo hasara ndogo. Ukuta kama huo unaua. Mkisikia kutetemeshwa mkishika mfereji, mlango wa chuma au waya wa kuanikia nguo, zimeni swichi kuu siku hiyo hiyo na msiwashe mpaka fundi aje. Watoto wasikaribie.

WANAOKAA PLOTI MOJA

Kwa wapangaji, shida ni ya kuelewana. Vyumba kumi viko kwenye mita moja, kila chumba kinatoa pesa sawa, na mmoja anapika kwa jiko la koili. Hapa uniti zinajulikana zinakokwenda, lakini hakuna anayetaka kusema. Mita ndogo kwa kila chumba, iliyowekwa na fundi wa kweli, inamaliza ugomvi. Kama haziwezekani, kaeni na mwenye ploti muandike wati za kila chumba na kila mtu alipe kadiri ya mzigo wake. Kumbukeni vyumba kumi kwenye mita moja vinapanda mpaka daraja la juu pamoja, hata yule mwenye bulbu moja tu analipa bei hiyo.

Na ule waya wa kupitisha kwa jirani? Tunajua unapitishwa kwa huruma au kwa pesa kidogo. Lakini wewe ndiwe unayelipa, na nyumba zikiungua ni zote mbili. Ni kosa la sheria pia.

KWENDA KWA KAMPUNI

Kama jaribio limeonyesha shida iko kwenye mita, nendeni ofisi ya Kenya Power iliyo karibu au mpige *977# kwenye simu. Msiende na hasira, nendeni na daftari. Mtu anayesema "stima yangu inaisha mbio" hujibiwa haraka na kurudishwa nyumbani. Mtu anayesema "kwa siku saba, swichi kuu ikiwa imezimwa, mita imehesabu hivi, na tarehe ni hizi" anasikilizwa. Ombeni mita ipimwe, na mpewe nambari ya malalamiko. Msiporidhika, EPRA hupokea malalamiko, na Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 iliweka baraza la kuamua kesi za namna hii.

Msifungue mita. Msivunje ile sili. Na kwa kazi ya waya, tafuteni fundi mwenye leseni ya EPRA, aionyeshe. Yule anayesema "nitaifanya iende polepole" anawaletea kesi, ama maiti.

KAZI YA KIKUNDI

Tunapendekeza hivi. Kila kikundi kichague watu wawili, ikiwezekana mama mmoja na kijana mmoja anayejua hesabu. Wajifunze jaribio hili vizuri. Kila Jumamosi waende kwa mwanachama mmoja, kama vile meri-go-raundi inavyozunguka, wasaidie kupima na kuandika. Pesa zitakazookolewa ziandikwe. Nyumba ya kwanza iwe ya mjane au mzee anayeishi peke yake, maana yeye ndiye anayeumizwa zaidi na mpaka wa uniti 30.

Na mwanachama akilaumiwa juu ya tokeni, kikao kisiamue mpaka daftari la siku saba lisomwe mbele ya wote. Wekeni hilo kwenye kanuni zenu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Nyumbani kwako, ni kitu gani kinachobaki kwenye soketi usiku kucha? Kina wati ngapi?
2. Mwezi uliopita ulitumia uniti ngapi? Uko daraja gani?
3. Je, katika kikundi chetu kuna mtu tuliyemlaumu juu ya stima bila kupima? Tufanye nini juu yake?

Sasa tusimame, twende nyuma ya jengo hili tuitazame mita pamoja, na mwenye saa aanze kuhesabu dakika sita.